Jezi Nyekundu Ndani ya Dele

Ujumbe wa sauti wa mama mkubwa ulikuwa mfupi. "Mwanangu, picha nimeziona, Mungu akubariki. Lakini mbona mafuta yangu yamekuwa kama mafuta ya taa?"

Nikazifungua upya. Kweli. Mafuta ya nazi anayoyapika mwenyewe kule Tanga, akayachuja kwa kitambaa mpaka ukiiweka chupa juu ya gazeti unasoma kichwa cha habari, kwenye picha zangu yalikuwa na ukijivu wa kibatari. Na juu ya lebo, palepale penye jina lake, duara jeupe lilikuwa limekaa kama donati.

Duara hilo lilikuwa taa yangu mpya. Ring laiti, inchi 18, nimeitoa Kariakoo na stendi yake inayoyumba. Niliinunua kwa sababu kila niliyemwona mtandaoni akisifiwa picha zake alikuwa nayo mbele yake. Sikujiuliza kwamba karibu wote walikuwa wanapiga nyuso. Uso unaupokea mwanga na kuutawanya huku na huku. Kioo cha chupa kinakurudishia kile ulichokionyesha: ukikionyesha donati, kinakupa donati.

Hayo sikuyajua siku ile. Nilidhani taa haina nguvu, nikaazima ya pili kwa jirani. Zikawa donati mbili.

Niseme kwanza nilipotokea. Nilikuwa mpiga picha wa shughuli: sendofu, kipaimara, mahafali, na picha za pasipoti wakati mambo yamekaza. Kwenye shughuli mwanga unaukuta ukumbini, kazi yako ni kukimbizana na watu. Bibi harusi akicheka, nani ataangalia kivuli cha pua yake? Chupa haicheki. Inakaa pale mezani inakusubiri, na makosa yako yote yanakaa nayo.

Studio yangu ni sebule. Chumba na sebule Tabata, kuta nusu ya chini zimepakwa rangi ya mafuta ya kijani, nusu ya juu krimu, kama nyumba nyingi za kupanga ambazo mwenye nyumba hataki kusumbuliwa na alama za viatu. Nimeishi na kijani hicho miaka minne bila kukiona. Kamera ilikiona siku ya kwanza. Kila kitu cheupe nilichokiweka mezani kilikuwa na ukijani kwa chini, kana kwamba kimewekwa juu ya jani la mgomba. Nikahangaika na mipangilio ya rangi kwenye kompyuta, nikipunguza kijani hapa, kinatokea uzambarau pale. Dawa yake ilikuwa shuka mbili nyeupe na vibanio vya nguo. Mwanga unaogonga ukuta unaondoka na rangi ya ukuta, basi. Hakuna programu itakayokuokoa kwa bei rahisi kuliko shuka.

Kabla ya kununua taa nyingine nikaamua kutumia dirisha. Masomo mengi ya bure mtandaoni, ya Wazungu, yanasema tafuta dirisha linalotazama kaskazini, kwa sababu jua haliingii moja kwa moja na mwanga wake ni laini siku nzima. Na dirisha langu, bahati iliyoje, linatazama kaskazini! Ilikuwa Januari. Nikasogeza meza, nikaweka manila nyeupe upande wa pili kurudisha mwanga, na kwa mara ya kwanza chupa ya mama mkubwa ikaonekana kama chupa. Nikajiona nimefika. Nikawaambia hadi wenzangu wa shughuli: "Taa ni dirisha la kaskazini, mengine ni biashara ya watu."

Mwezi wa tano jua likaniingilia ndani. Mstari mweupe mkali ukakata meza katikati, vivuli vikawa kama vimechongwa kwa wembe, chupa nusu inaunguza macho nusu iko gizani. Nilidhani jengo jipya la jirani limeondolewa kitu kilichokuwa kinazuia jua. Ilinichukua muda kukubali kwamba kosa lilikuwa kunakili ushauri wa kwao bila kuangalia juu.

Ulaya jua la mchana liko upande wa kusini mwaka mzima, kwa hiyo dirisha la kaskazini linabaki kivulini. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua linatupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba. Kati ya Oktoba na Machi linapita upande wa kusini, na hapo dirisha langu ni zuri kama la Mzungu. Kuanzia Machi hadi Oktoba linapita kaskazini, na mwezi Juni saa sita mchana liko nyuzi 60 tu juu ya upeo, linachungulia ndani bila aibu. Aliye Nairobi, karibu kabisa na ikweta, anagawana mwaka nusu kwa nusu. Kwa hiyo sisi tunahitaji madirisha mawili, au dirisha moja na kitu cha kulizibia. Jikoni kwangu kuna kidirisha cha kusini, kidogo kama trei. Miezi ile napigia picha jikoni, kati ya jiko la gesi na ndoo.

Wingu likipita, hata hivyo, mambo yanabadilika, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa neno "laini" ambalo wapiga picha wanalitaja kila dakika bila kulieleza. Jua ni kubwa kupita kiasi, upana wake ni zaidi ya mara 100 ya dunia, lakini liko kilomita milioni 150. Kwetu sisi linakuwa kama sarafu. Taa ndogo, kivuli kikali. Wingu likilifunika, chupa haioni tena sarafu, inaona mbingu nzima inayong'aa, na kivuli kinayeyuka pembeni. Mwanga laini unatokana na ukubwa wa taa ukiilinganisha na kitu unachokipiga. Balbu yenye nguvu kidogo ikiwa mbali bado ni kali. Taa kubwa ukiipeleka mwisho wa chumba inageuka kuwa ndogo. Nilipoelewa hivyo nikaacha kuulizia wati nikaanza kuulizia sentimita.

Kwenye balbu sitakaa sana. Nilipitia huko, kama kila mtu. Nilifunga balbu tatu za LED za dukani kwa Mangi, nikapata picha zenye mistari ya giza kama pundamilia, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50 na balbu za bei ya chini zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Kasi ya kamera ikizidi hapo inazikamata katikati ya kupepesa. Ukishusha kasi hadi 1/50 au 1/100 ya sekunde mistari inaondoka. Rangi ndiyo haiondoki. Balbu ambazo haziandikwi hata alama ya CRI, kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa ukweli, kwenye boksi zinaifanya nyekundu ya kitenge ionekane kama tofali, na mteja aliyenunua nyekundu akipokea nyekundu nyingine, simu anampigia muuzaji, muuzaji anakupigia wewe.

Nikauza ring laiti zote, ile ya kwangu yaani, na kununua flashi moja ya mtumba, ile ya kukaa juu ya kamera inayotumia betri nne ndogo, pamoja na triga ya kuiwasha ikiwa mbali. Kamera ni Canon 600D, mzee wa siku nyingi, na lenzi ya milimita 50. Siku ya kwanza nusu ya kila picha ilikuwa nyeusi, imekatwa kwa mstari ulionyooka kama rula. Nikamrudia aliyeniuzia na maneno makali, akacheka, akashusha kasi kutoka 1/500 hadi 1/160, akanirudishia. Flashi inawaka kufumba na kufumbua, na kwenye kamera kama yangu pazia la ndani halifunguki lote kwa mkupuo ukivuka 1/200. Sikuomba radhi vya kutosha.

Kitu kimoja alichonifundisha palepale dukani nakitumia hadi leo: kabla ya kuwasha flashi, piga picha ukiwa umeizima. Kasi 1/160, ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) 100, tundu la lenzi dogo, f/11. Picha itoke nyeusi tititi. Ikiwa nyeusi, ujue balbu ya sebuleni, dirisha, taa ya friji, vyote vimetolewa mchezoni, na kuanzia hapo kila mwanga utakaouona umeuweka mwenyewe. Nilipenda sana hilo. Nyumba ya kupanga ina vitu vichache unavyovitawala.

Halafu umbali. Taa ukiisogeza mbali mara mbili, mwanga unaofika haubaki nusu, unabaki robo. Mara tatu, unabaki sehemu moja ya tisa. Nilikuwa nimesikia fomula hiyo kidato cha tatu, nikaijibia mtihani, nikaisahau. Sasa ikanipa kuta. Flashi ikiwa sentimita 50 kutoka kwenye chupa na ukuta ukiwa mita moja nyuma ya chupa, ukuta unapata sehemu moja ya tisa ya kile chupa inachopata, na ukuta wa krimu unatoka kijivu cha giza, karibu na mkaa. Nikiirudisha flashi mita mbili nyuma, ukuta uleule unapata karibu nusu, unang'aa. Ukuta mmoja, rangi mbili, na wala sijanunua karatasi ya mandhari.

Kuikuza flashi ilikuwa kazi ya seremala. Fremu ya mbao, sentimita 60 kwa 90, ile ambayo angeiwekea wavu wa dirisha. Mimi nikaiwambia chandarua nilichokunja mara nne, na nilikuwa na fahari nacho. Picha ya kwanza ya chupa, nikaikuza kwenye skrini: matundu. Matundu ya chandarua, moja moja, yamejipanga ubavuni mwa chupa kama chapa ya kiwanda. Nikakibandua, nikaenda duka la stesheneri nikanunua karatasi ile ya kupenyeza mwanga wanayotumia wachoraji wa ramani za nyumba, nikaibandika kwa selotepu. Hiyo haina sura. Flashi ikiwa karibu na karatasi unapata doa jeupe katikati linalofifia taratibu kuelekea kingo. Ukiirudisha nyuma doa linajaza fremu nzima. Ule ufifiaji ndio unaofanya chupa ya mviringo ionekane mviringo. Doa lililokatika ghafla linaifanya chupa iwe kama imebandikwa stika.

Hapo ndipo nilipokuwa, na kujiamini kumenirudia, mzee mmoja anayeuza vyombo vya shaba alipoletewa habari zangu.

Alikuja na dele. Kama hulijui, ni birika la kahawa la Kiswahili, tumbo limevimba chini, kiuno chembamba, mdomo umetokeza kama wa ndege, lile wauza kahawa wanalotembea nalo jioni huku wakigonganisha vikombe. Hili lilikuwa la zamani. Alikuwa amelisugua kwa ukwaju hadi likawaka, akalifunga kwa kanga, akalishika mapajani ndani ya bajaji njia nzima. "Kijana," akaniambia, "hili lina mteja Muscat anataka kuliona vizuri kabla hajatuma hela. Usilishike kwa mkono mtupu."

Shikamoo yangu ilikuwa bado hewani, tayari ameshaanza kulifungua.

Nikaliweka mezani, fremu yangu kushoto, manila kulia, picha moja. Mzee alikuwa amekaa nyuma yangu. Nilipoifungua picha, katikati ya tumbo la dele palikuwa na doa jekundu. Nikafuta dele kwa kitambaa. Doa lipo. Nikabadilisha pembe, doa likanifuata. Mzee akainama, akavaa miwani, akatazama skrini muda mrefu.

"Hiyo," akasema, "ni jezi yako."

Nilikuwa nimevaa jezi ya Simba. Nilikuwa mle ndani mzima, kichwa kidogo, tumbo pana, mikono imeshika kamera, na nyuma yangu mzee amekaa kitini, na nyuma yake mlango wazi, na mlangoni ndoo ya jirani. Shaba ile iliyosuguliwa ilikuwa imekipiga picha chumba kizima vizuri kuliko nilivyoweza kuipiga yenyewe.

"Na mimi ni Yanga," mzee akaongeza. "Usinipelekee hiyo Muscat."

Alipoondoka akaniachia dele siku nne, nami siku mbili za kwanza sikupiga picha hata moja ya maana. Nililizunguka. Nilinunua filta ya polaraiza ya kufunga mbele ya lenzi kwa sababu niliambiwa inaua mng'ao. Kwenye kioo cha chupa, kwenye maji, kwenye meza yenye vanishi inafanya kazi hadi inatisha. Kwenye shaba tupu, hakuna kitu. Mng'ao wa chuma hauondoki kwa filta. Hela yangu imelala kwenye droo mpaka leo.

Siku ya tatu nikafanya jambo la kijinga ambalo nalitumia sasa kila kazi. Nikaliondoa dele, nikaweka simu yangu mahali pake, nimeiegemeza kwenye glasi, nimefungua kamera ya mbele. Nikaangalia dele linaona nini. Linaona lenzi, linaona mimi, shuka inayoishia juu kidogo ya kijani, feni, kona ya televisheni. Mimi nilikuwa nikilitazama dele wakati wote huo, kumbe nalo linanitazama, na kinachouzwa kwenye picha ni kile linachokiona. Shaba haina sura yake yenyewe ya kukuonyesha. Ina chumba chako, kimekunjwa.

Mwanga unaruka kwa pembe ileile uliyoingilia. Anayecheza pool anaijua vizuri kuliko mwalimu wa fizikia. Ukitaka kujua sehemu fulani ya dele inaona nini, piga mpira kutoka kwenye lenzi, uugonge pale, uone unaenda kuangukia wapi. Hapo unapoangukia ndipo pa kuweka kitu cheupe. Au cheusi. Tumbo likiwa limevimba hivi, mipira inaruka kila upande, kwa hiyo kila upande lazima uwe na kitu.

Kwanza nikalizungushia weupe wote, kama hema, nimeacha kitundu cha lenzi. Dele likatoka limekufa. Laini, safi, na sura ya plastiki iliyopakwa rangi ya njano. Hili lilinishangaza kuliko jezi. Nikakata vipande viwili virefu vya manila nyeusi, upana wa vidole vitatu, nikavining'iniza ndani ya hema kushoto na kulia. Papo hapo mistari miwili ya giza ikashuka kwenye ubavu wa dele, ikafuata kiuno, ikapanuka kwenye tumbo, na dele likavimba tena likawa na uzito. Shaba inajulikana ni shaba kwa giza lililomo ndani yake. Kama ningeambiwa hivyo kwa maneno mwaka uliopita, ningeitikia kwa kichwa tu na kwenda kununua taa nyingine.

Nikaanza kuona hivyo kila mahali, ugonjwa kabisa. Naingia mgahawani naangalia kijiko kuona taa ziko wapi. Nilipokwenda Zanzibar kwa shughuli ya watu nikapita Capital Art Studio, Mji Mkongwe, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na mbele ya zile picha za nyeusi na nyeupe watu walikuwa wanasifia majahazi na makanzu, mimi nimesogeza pua karibu na nyuso natafuta mboni. Ndani ya mboni kuna kidoa cheupe, na kidoa hicho ndicho taa au dirisha la siku ile. Kikiwa juu kushoto, mwanga ulitoka juu kushoto. Mtu kafa zamani, taa imezimwa zamani, na bado jicho linashuhudia ilipokuwa.

Nikayarudia mafuta ya mama mkubwa kwa akili mpya. Kioo chenye kimiminika ndani hakitaki mwanga wa mbele, kinataka wa nyuma. Ukiweka fremu nyeupe inayong'aa nyuma ya chupa, mafuta yanawaka yenyewe, na vipande vya manila nyeusi pembeni vinachora kingo za kioo kama kalamu. Lakini mama mkubwa alitaka mandhari ya giza, "ya kitajiri". Giza nyuma maana yake mafuta hayana kitu cha kuona ila giza. Ufumbuzi: nikakata kadi ndogo kwa umbo la chupa yenyewe, ndogo kidogo kuliko chupa, nikaibandika nyuma yake ambapo lenzi haiioni, nimeikunja kidogo ielekee kwenye flashi. Kadi inapokea mwanga na kuutupa mbele kupitia mafuta. Ukikosea milimita tano, kona ya kadi inachungulia. Nilikaa na wembe saa nzima kwa chupa moja ya elfu nane.

Kadi ya kwanza niliivika foili ya dhahabu ya boksi la keki. Jibu lilikuja kabla sijaoga: "Sasa hii ni asali, mwanangu. Watakuja kuniuliza asali ya Tabora." Nikakata nyingine nyeupe.

Na ilikuwa Julai. Mafuta ya nazi yanaanza kuganda chini ya nyuzi 24 hivi, na alfajiri ile yalikuwa yameshaganda, meupe kama ute wa sabuni. Nilisubiri hadi saa tano yarudi kuwa maji, chupa nimeianika dirishani kama mtoto mchanga. Hakuna somo la mtandaoni lililonionya kuhusu hilo.

Alitaka pia picha za udi, na moshi ni kinyume cha dele, wenyewe hauonekani mpaka uupige kwa nyuma. Pazia jeusi mbali, flashi pembeni nyuma ya chetezo, kadi nyeusi kuzuia mwanga usiingie kwenye lenzi, feni imezimwa, dirisha limefungwa. Flashi nikaishusha nguvu kabisa, kwa sababu ukiishusha inawaka kwa muda mfupi zaidi, inafika hata 1/20000 ya sekunde, na moshi unasimama, unahesabu nyuzi zake. Picha kumi za kwanza zilikuwa nzuri mno. Za baadaye zote zina ukungu, maana chumba chenyewe kimejaa. Mama mwenye nyumba akagonga mlango, ameona mwanga unamulika dirishani na harufu imetanda uani: "Kuna nini humu, mnasoma hitma au kuna mganga?" Nikamwonyesha kamera. Hakuridhika sana.

Nirudi kwenye dele. Usiku wa siku ya nne, kesho yake mzee anakuja kulichukua dele lake, umeme ukakatika. Flashi inatumia betri, ndiyo, lakini betri zilikuwa kwenye chaja na hazijajaa. Nikakaa gizani nimelitazama lile hema na dele ndani yake, halionekani.

Kisha nikawasha tochi ya simu. Nikaiweka kamera kwenye stendi, nikaiacha wazi sekunde 30, na kuanza kuipitisha tochi nyuma ya karatasi, polepole, kutoka chini kwenda juu, kama mtu anayepaka chokaa ukuta. Tochi ni kitone, kali kama jua. Lakini kamera haikumbuki kitone, inakumbuka njia yote kilikopita, na njia hiyo ilikuwa na urefu wa fremu nzima. Nikapita kushoto mara tatu, kulia mara moja, juu kidogo tu kuugusa mfuniko. Jaribio la kwanza nilipita haraka. La pili nilikohoa, tochi ikaingia kwenye lenzi. La saba nikasikia kamera inafunga, nikaangalia skrini, na nikakaa chini kwenye sakafu.

Shaba ilikuwa na rangi ya chai ya tangawizi upande mmoja, na upande wa pili giza la joto, na kati yake mstari mmoja unashuka kutoka mdomoni hadi kitako bila kukatika. Ukwaju ulikoacha alama ndogo za mviringo, zilionekana. Palipopigwa nyundo na fundi wa enzi hizo, palionekana.

Mzee alifika saa nne asubuhi. Nilimkaribisha nikiwa na shati jeusi. Akaiangalia picha kwenye kompyuta bila kusema, akasogea, akaniomba nikuze. Nikakuza. Tena. Akaweka kidole kwenye tumbo la dele, katikati kabisa, penye kidoa cheusi cha ukubwa wa punje ya mtama.

"Hiki nini?"

"Lenzi, mzee. Lazima kamera iwe mahali fulani, na dele linaiona. Mimi niko hapo nyuma yake."

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu, akaivaa tena.

"Kifute," akasema. "Nauza dele, sikuuzi wewe."